Bunduki ya Marisau Inayojipakia Yenyewe: Matunzo na Hadhari

Kwa majuma kadhaa tumezungumza habari za palizi, mbolea ya samadi na uhifadhi wa mahindi ghalani. Leo tunakwenda kwenye jambo ambalo wengi wenu mmeliuliza kwa barua, nalo ni bunduki ya kulindia shamba. Mkulima mmoja ameandika hivi: baba yake amefariki, ameacha bunduki ya zamani ya marisau, nguruwe wanamaliza mihogo, naye hajui aifanyeje hiyo bunduki. Aitumie? Aitengeneze? Aiuze? Swali lake ni zuri, na jibu lake ni refu kidogo. Basi vuteni viti karibu.

Kwanza tuelewane ni bunduki gani tunayoizungumzia. Wengi wenu mnalijua gobore, na mnaijua bunduki ya mitutu miwili ile inayokunjwa katikati. Hizo siku nyingine. Leo nasema juu ya bunduki ya marisau yenye mtutu mmoja, ambayo ukishapiga, yenyewe inatupa ganda nje na yenyewe inapakia risasi nyingine. Huna haja ya kuikunja wala kuvuta chochote. Unavuta kifyatuo mara ya kwanza, inapiga. Unavuta mara ya pili, inapiga tena.

Iliyo mashuhuri kuliko zote katika ukoo huo ni Browning Auto-5. Aliyeibuni ni Mmarekani, John Moses Browning, na kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, kilianza kuitengeneza mwaka 1902. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake kufanikiwa duniani, ikaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1998. Miaka ya mwisho mwisho ilikuwa ikitengenezwa Japani. Huko Marekani kiwanda cha Remington nacho kilitengeneza ndugu yake, ikaitwa Model 11. Utaitambua kwa umbo. Mgongo wake umeinuka nyuma kama nundu ya ng'ombe wetu wa kienyeji, halafu unakatika ghafla kushuka kwenye kitako. Na hilo neno "5" maana yake ni risasi tano: nne katika magazini, yaani lile bomba lililo chini ya mtutu, na moja katika chemba.

Risasi tano, ndugu wakulima. Shikeni hesabu hiyo, maana leo tutairudia.

Sasa niwaambie kwa nini nimekubali kuzungumza jambo hili, wakati mimi ni bwana shamba wala si askari. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nalala kwenye dungu na baba mkubwa, tukilinda mahindi. Kwa miaka mingi baba mkubwa alikuwa amezoea gobore. Mnajua gobore lilivyo: likishalia, limekwisha kazi. Mpaka ushindilie baruti upya, ni fimbo tu mkononi. Mwaka ule alikuwa amepata kibali cha Browning ya zamani, geji 12, nasi tukaona tumefika.

Usiku mmoja nguruwe waliingia. Akapiga mara moja, nguruwe mmoja akaanguka na wengine wakakimbia. Baba mkubwa akaegemeza bunduki kwenye mti wa dungu, akashuka ngazi. Alipofika chini nikamwambia, "Baba mkubwa, na bunduki?" Akanijibu, "Imekwisha hiyo, mwanangu." Akanyoosha mkono juu, akaishika kwa mdomo wa mtutu, akaivuta ishuke. Kifyatuo kikanasa kwenye ufito wa dungu.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda, na kiganja hakikufumba tena sawasawa. Msimu ule mahindi yetu yalipaliliwa na majirani. Na misimu iliyofuata, mtu aliyekuwa akilima ekari tatu kwa jembe la mkono alilima moja kwa taabu. Nguruwe wangekula robo ya shamba. Ile bunduki ilikula shamba zima.

Kosa lilikuwa nini? Bunduki haikuwa mbovu. Kosa ni kwamba mkono wake ulikuwa bado kwenye gobore, na akili yake iliamini bunduki iliyolia ni bunduki tupu. Hii ya kujipakia ni kinyume chake. Ikishalia, ndipo ilipo tayari zaidi. Basi kama hamtakumbuka neno lingine lolote katika mazungumzo ya leo, kumbukeni hili: bunduki inayojipakia yenyewe haiwi tupu mpaka wewe mwenyewe umeitoa risasi na kuzihesabu.

Haya, inatolewaje risasi? Fuateni taratibu.

Kwanza, elekeza mtutu kwenye udongo laini mahali pasipo na mtu, wala mfugo, wala jiwe. Kidole kiwe nje ya kifyatuo. Pili, funga kifungo cha usalama. Hapa pana hadhari. Bunduki za zamani zaidi za aina hii, zile zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950, zina kifungo cha usalama mbele ya kifyatuo, ndani ya kile chuma kinachozunguka kifyatuo. Maana yake ni kwamba ili uifunge au uifungue, huna budi kupeleka kidole mlemle kilimo kifyatuo. Katika giza, na baridi ya alfajiri, na moyo unaodunda, ni rahisi kugusa kisichotakiwa. Zilizofuata zina kifungo nyuma ya kifyatuo, nacho husukumwa upande. Ijue yako ni ipi, tena uijue mchana.

Tatu, tazama upande wa kushoto wa bunduki. Nyingi zina kiwashio kidogo cha chuma ambacho kazi yake ni kuzuia risasi za magazini zisipande. Kiliwekwa ili mwindaji aweze kubadili ile risasi moja iliyo katika chemba bila kugusa nyingine. Ni kitu cha manufaa, lakini pia ni mtego. Ukikiacha kimefungwa, ukivuta bolti nyuma, risasi moja inaruka nje na chemba inabaki wazi mbele ya macho yako. Unasema, "Tupu." Kumbe nne zimo chini, zimetulia zinakusubiri. Kwa hiyo hakikisha kiwashio hicho hakizuii risasi.

Nne, vuta bolti nyuma, risasi itoke. Vuta tena, itoke nyingine. Endelea hivyo mpaka bolti ibaki nyuma na pasije kitu. Zihesabu chini. Kama uliweka tano ukapiga moja, lazima uone nne. Ukiona tatu, kazi haijaisha. Mwisho, mulika kwa tochi, tazama chemba, tazama na mdomo wa magazini. Usiingize kidole, maana bolti ikiachia hurudi kwa nguvu na kuuma. Tumia kijiti laini.

Fanyeni hivyo kabla ya kupanda dungu, kabla ya kushuka, kabla ya kuvuka mto, kabla ya kuingia nyumbani, na kabla ya kumpa mtu mwingine. Na bunduki haivutwi kwa mdomo wa mtutu, hata kama imetolewa risasi mbele ya macho yako.

Sasa tuje kwenye matunzo. Adui wa kwanza wa bunduki katika nchi zetu ni unyevu. Baada ya kila kupiga, na hata kama hukupiga lakini ilinyeshewa, ifungue uisafishe siku ileile. Ukiisha kuhakikisha ni tupu, vuta bolti nyuma, kandamiza mtutu kidogo chini juu ya kitambaa, fungua kile kifuniko cha mbele, uvue ubao wa kushikia, kisha mtutu utatoka. Ukandamize kweli, maana chini yake pana springi kubwa yenye nguvu. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, halafu kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki, halafu kikavu tena. Mafuta ya nazi na ya kupikia hayafai, kwani huganda yakawa kama gundi. Wala grisi ya trekta haifai. Hukamata mchanga, na mchanga ni tupa.

Kabla ya kuurudisha mtutu, inua uutazame kuelekea kwenye mwanga, ndani mpaka mwisho. Mnawajua wale nyigu wanaojenga kwa udongo kwenye kuta na kwenye matundu ya funguo? Mtutu uliokaa msimu mmoja bila kazi, kwao ni nyumba iliyojengwa tayari. Kibonge cha tope kama kidole gumba kinatosha kuupasua mtutu mbele ya uso wako. Vilevile kitambaa kilichosahauliwa ndani, au matope uliyochota ulipoteleza. Kutazama ni kazi ya dakika moja.

Pale ulipovua ubao wa kushikia utaona mambo mengine ambayo wenye bunduki hizi wengi hawayajui, nayo ndiyo yanayozivunja. Mtutu wa bunduki hii hautulii. Ukipiga, mtutu wote pamoja na bolti hurudi nyuma kwa kishindo, kisha springi ile kubwa iliyozunguka magazini huusukuma mbele tena. Ili kishindo kisizidi, iliwekwa breki: kipande cha shaba kinachobana magazini, pamoja na pete ya chuma yenye upande mmoja uliochongwa mshazari.

Kwa geji 12 mpango wake ni huu. Ukitumia risasi nzito, pete ikae kati ya springi na kile kipande cha shaba, na upande wake uliochongwa uelekee kwenye shaba. Hapo breki inabana sana. Ukitumia risasi nyepesi, pete huondolewa hapo ikapelekwa nyuma ya springi, karibu na kiwiliwili cha bunduki, na breki inabana kidogo tu. Geji 16 na 20 zina mpango wake. Mwachie fundi akuoneshe.

Ukikosea, itakuwaje? Ukipiga risasi nyepesi wakati breki imebana sana, ganda halitoki vizuri, linakwama. Ukipiga risasi nzito wakati breki imelegea, mtutu unagonga nyuma kama nyundo. Ule ubao wa kushikia hupasuka, na bega lako litakuambia lenyewe. Ukiona bunduki ya aina hii ubao wake una nyufa, au umefungwa kwa waya na mpira wa baiskeli, jua kwamba breki haikuwekwa sawa au springi imechoka.

Na wengi bunduki ikikwama, dawa yao ni kumimina mafuta. Ndugu zangu, mafuta mengi kwenye breki hiyo ni sawa na kutia mafuta kwenye breki za baiskeli kabla ya kushuka mlima. Itakwenda vizuri kweli, mpaka itakapotakiwa kusimama. Futa bomba la magazini kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha lifute tena. Yatosha.

Tunakuja kwenye risasi. Hapa tena pana mtego uliofichika. Bunduki za marisau zina urefu wa chemba, na urefu huo umeandikwa kwenye mitutu mingi iliyotengenezwa Ulaya: 65 au 70, yaani milimita. Bunduki nyingi za zamani, hasa geji 16 za kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, zina chemba ya milimita 65. Risasi zinazouzwa sasa, nyingi ni za milimita 70 au zaidi. Mtu atasema, "Mbona inaingia?" Ndiyo, inaingia, kwa sababu urefu ulioandikwa kwenye risasi hupimwa baada ya ganda kufunguka. Kabla ya kupigwa huwa fupi. Lakini ikipigwa, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka, na msukumo wa baruti unapanda kupita kiasi. Kwa hiyo kuingia siyo kipimo. Kipimo ni namba iliyo kwenye mtutu, na kama imefutika, fundi apime. Vilevile risasi zenye chembe za chuma kigumu hazifai kwa mitutu ya zamani ya Ubelgiji. Tumia za risasi ya kawaida.

Risasi zenyewe ziwekwe mahali pakavu, mbali na bunduki, chini ya kufuli yake. Za zamani zenye ganda la karatasi huvimba kwa unyevu na kukwama katika chemba. Iliyovimba au yenye kutu usiilazimishe kuingia. Ipeleke polisi ikaharibiwe. Usiitupe chooni, usiizike, na usiwape watoto waichezee.

Juu ya kuitengeneza: iko kazi yako na iko kazi ya fundi. Yako ni kusafisha, kufuta mafuta, kupanga pete, na kuona kasoro mapema. Ya fundi mwenye leseni ni kubadili springi, kuunga ubao uliopasuka, na kila kitu kinachohusu kifyatuo na kifungo cha usalama. Skrubu za bunduki hii zina skrubu ndogo za kuzizuia zisilegee. Bisibisi ya baiskeli itazichubua tu. Wako watu hodari vijijini wanaochonga springi kwa waya na kupiga tupa vyuma vya ndani ili kifyatuo kiwe chepesi. Kifyatuo chepesi kupita kiasi ni bunduki inayolia ikianguka. Usikubali, hata kama fundi huyo ni shemeji yako.

Sasa narudi kwa mwandishi wa barua yetu. Ndugu, pole kwa msiba. Sikiliza vizuri: kibali cha bunduki ni cha mtu, siyo cha ukoo. Baba akifariki, kibali chake hakiwi chako kwa sababu wewe ni mtoto wa kwanza. Hapa Tanzania mambo haya yanaongozwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Nenda na ndugu mmoja na mtendaji wa kijiji, toeni taarifa polisi, mkaikabidhi bunduki pamoja na karatasi zake. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali kwa jina lako, au mnaamua kuiuza kwa njia ya halali. Kama karatasi hazikuwahi kuwepo, usiogope ukaificha darini. Serikali imewahi kutangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama mwaka 2022. Bunduki iliyofichwa darini haikulindii shamba. Inakungojea wewe au mwanao.

Na kulinda shamba siyo kuwinda. Wanyamapori ni mali ya umma. Ukitaka kwenda porini kutafuta kanga au kwale, unahitaji leseni ya uwindaji, na ni lazima uwe katika msimu na eneo linaloruhusiwa. Sheria za uwindaji zina masharti pia juu ya aina ya silaha, na hii ya kujipakia ni mojawapo ya zile zinazotazamwa kwa makini. Basi kabla ya kuipeleka porini, mwone afisa wanyamapori wa wilaya. Walio mpakani wakumbuke kwamba kwa jirani zetu wa Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ukivuka na bunduki, hakuna atakayekuita mkulima.

Shambani penyewe, nina maneno matatu. La kwanza, usipige mahindi yanayotikisika. Mahindi hutikiswa na nguruwe, na hutikiswa na mtoto wa jirani anayetafuta mbuzi. Mulika, mwone mnyama mzima, na ujue kilichoko nyuma yake. La pili, chembe ndogo za kupigia ndege hazimwangushi nguruwe; humjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kwa wachotao maji asubuhi. Zaidi ya hatua 30 au 40 usipige kabisa. Lakini jua kwamba chembe zilizokosa husafiri mamia ya mita. La tatu, usitegemee bunduki kwa kila kitu. Kwelea kwelea hawamalizwi kwa bunduki hata ukiwa na risasi gunia zima. Toa taarifa mapema kwa bwana shamba ili hatua za pamoja zichukuliwe. Na nguruwe hushindwa zaidi na wakulima waliopanda mashamba yao pamoja, wakafyeka vichaka vya pembeni na kulinda kwa zamu, kuliko na mtu mmoja mwenye bunduki na usingizi.

Ndugu wakulima, baba mkubwa bado yu hai. Bunduki ile aliirudisha polisi mwenyewe kwa mkono uliobaki mzima. Mwaka juzi nilimkuta anamfundisha mjukuu wake kupanga debe na kamba za kutishia nyani. Nikamwamkia, akanionesha ule mkono, akacheka, akasema, "Wewe wafundishe watu kuhesabu." Ndiyo kazi niliyoifanya leo.

Basi, tano zikiingia, tano zitoke. Hesabuni. Kwa leo naishia hapa. Juma lijalo tutazungumza juu ya uchaguzi wa mbegu za mtama. Nawatakieni usiku mwema na kazi njema mashambani.